Bweni Lililofungwa kwa Nje

Bati lilifika shuleni kwetu kabla yangu. Liliezeka ofisi, madarasa na stoo ya maharage, likaishia hapo. Bweni la wasichana liliezekwa kwa nyasi. Nikisimulia hivi watu hudhani nataka kusema kwamba walimu waliyapenda maharage kuliko watoto. Sisemi hivyo. Bati lililetwa kidogo, na aliyegawa alianza na vitu vinavyooza vikinyeshewa. Mtoto akinyeshewa haozi. Najua hesabu yake ilikwendaje, na bado nikiikumbuka damu hunichemka, kwa hiyo afadhali niandike nikiwa nimechemka hivi hivi, nikipoa nitaanza kumtetea kila mtu.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma mpaka darasa la nne kwetu Heru Juu, upande wa Kasulu, nikaolewa, nikafiwa, ndipo nikapata kazi ya ulezi wa wasichana kwenye shule moja ya Kibondo, ukiwa unaelekea Mabamba. Ilikuwa miaka ya sabini, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini karibuni. Wasichana wa madarasa ya juu waliotoka mbali walilala shuleni wiki nzima, wakarudi kwao Jumamosi. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kaka yangu. Kaka alinikabidhi akaniambia maneno machache tu: "Huyu ni wako sasa." Kwa hiyo mimi nililala kwenye chumba changu karibu na jiko, na mtoto niliyekabidhiwa alilala bwenini, na mlango wa bweni ulifungwa kufuli kwa nje.

Kufuli hilo halikuletwa kwa ubaya. Kabla yake wezi walikuwa wanakuja na upembo, ule mti mrefu wenye ndoana, wanaupitisha dirishani na kuvuta blanketi juu ya mtoto aliyelala. Asubuhi unamkuta msichana amejikunja kama paka, anatetemeka, na baridi ya juu kule si ya mchezo. Wazazi wakaja kupigilia miti ya mkaratusi kwenye madirisha, imara kabisa, misumari mirefu. Halafu msichana mmoja wa darasa la saba akapata mimba, akafukuzwa shule. Baba yake alikuja akakaa chini mbele ya ofisi, akakaa hivyo mpaka jua likashuka, akaondoka. Mzazi yeyote aliyemwona siku ile angedai kufuli. Wakadai. Mwalimu mkuu akalinunua, akawa analifunga mwenyewe kengele ya mwisho ikilia na kulifungua alfajiri. Mchana lilifungwa na mwalimu wa zamu, ili watoto wasijifiche vitandani wakati wenzao wako shambani, na ili blanketi zisiibwe.

Niliuliza mara moja. Nilimwambia mwalimu mkuu, "Mwalimu, na kukiwaka moto humo ndani, na wana koroboi?"

Akaniambia, "Mama mlezi, nimeshawakataza koroboi."

"Wanazo."

"Basi wanyang'anye. Hiyo ni kazi yako, siyo ya mlango."

Lilikuwa jibu la haki, na koroboi nilizinyang'anya kweli. Yeye alikuwa ametoka mkoa mwingine, mtu wa sala, mkali lakini hakuwa na dharau. Nilijiambia mtu aliyesomea ualimu ameshayafikiria haya yote. Sijui kwa nini nilijiambia hivyo.

Moto haukutoka kwenye koroboi.

Kiangazi kwetu wafugaji huchoma milima ili majani mabichi yaote kabla ya mvua. Kila mwaka unaona mistari myekundu ikipanda na kushuka, watoto wanaizoea, wanaiita shanga za mlima. Siku hiyo upepo ulikuwa unatoka upande wa mto. Shule nzima ilikuwa shambani ng'ambo ya bonde, ndiyo Elimu ya Kujitegemea yenyewe, wanatayarisha matuta ya mihogo. Shuleni nilibaki mimi na mpishi, mzee wa Kitahana mwenye maneno mengi, tunachambua maharage. Alikuwa ananitania kwamba watu wa Kasulu tunachagua maharage kama tunachagua mchumba.

"Hilo lina tundu, unalitupa," akasema. "Mimi nina matundu matatu na bado mke wangu ananipikia."

"Labda hajakuchambua vizuri."

Alikuwa bado anacheka nilipoona kipande cha nyasi kinachowaka kinaelea juu ya uwanja, polepole, kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Kikatua juu ya bweni. Vingine vikafuata. Paa lile lilikuwa kavu, na kabla hatujasimama vizuri upande mmoja ulikuwa unanguruma.

Nasema kweli, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa furaha. Nilimwambia mpishi, "Afadhali hamna mtu ndani." Naye akasema, "Mungu mkubwa, wote wako shamba." Tukakimbia kuchota maji ya kulinda jiko na stoo, kwa sababu bweni tuliliona limeshakwenda. Tulikuwa tunamwagia maji maharage yaliyo chini ya bati, ndiyo kusema, wakati niliposikia mtu anakohoa.

Kikohozi cha mtoto uliyemlea unakitambua kama sauti yake. Nilizunguka nyuma ya bweni. Kwenye kona ya mwisho, katikati ya miti ya mkaratusi, niliona vidole.

"Shangazi," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama anayeniita nimletee maji.

Alikuwa na malaria tangu usiku, na sikuwa na habari. Asubuhi alishindwa kuinuka, akajifunika gubigubi.

Niliivuta ile miti. Ilikuwa imepigiliwa na wazazi wanaowapenda watoto wao, haikutikisika hata mmoja. Mpishi alikwenda mlangoni na shoka, akapiga kufuli, akapiga tena, shoka likateleza likachomoka mpinini. Moshi ulikuwa unatoka juu ya mlango. Akarudi kwangu mbio, macho yanamtoka machozi, akasema, "Ukuta. Ukuta ni udongo tu, mama." Akakimbilia jikoni akarudi na mchi ule mkubwa wa kutwangia mihogo. Tukaushika wawili, tukaupiga ukuta chini ya dirisha. Niliwaza, ukuta huu nimeukandika mimi na wenzangu, tumeusifu ulivyo mgumu. Udongo ukaanguka, tukakuta fito, tukazivunja kwa mchi mpaka nao ukavunjika, tukamalizia kwa miguu. Mpishi akaingiza mikono akamvuta mtoto kwa kwapa, naye akatoka amekwaruzwa mgongo mzima, anakohoa, blanketi bado ameng'ang'ania. Tulipofika penye mti wa parachichi paa likaanguka ndani.

Ilipopita hiyo ndipo shule ikaja inakimbia kutoka bondeni. Mbele kabisa alikuwa mwalimu wa zamu, kijana wa pwani, hajamaliza mwaka kwetu. Alikuwa ameshika ufunguo mkononi, ameunyoosha mbele, kama mtu anayekimbiza dawa. Akamwona mtoto pale chini. Akautazama ufunguo. Akakaa.

"Nilihesabu," akasema. "Wallahi nilihesabu."

Na kweli alihesabu. Hapo ndipo nataka kueleza vizuri, kwa kuwa baadaye watu walimsema vibaya kijana yule na haikuwa haki. Shuleni kwetu watu hawakuhesabiwa, yalihesabiwa majembe. Kila mtoto alikuwa na jembe lake, limetiwa alama ya moto kwenye mpini, na majembe yote yaliegemezwa ukuta wa stoo. Ikiwa yameondoka yote, watoto wameondoka wote. Likibaki jembe, kuna mtu amejificha, anatafutwa. Utaratibu huo aliukuta, alifundishwa siku ya kwanza, na kwa miaka mingi haukuwahi kumdanganya mtu. Sasa asubuhi ile msichana mwingine mpini wake ulikuwa umepasuka, akaona jembe la mgonjwa limekaa, akalichukua, akaliacha lake bovu ndani ya stoo litengenezwe. Hakuiba, alifanya jambo la akili. Mwalimu akatazama ukutani, hakuna jembe. Akachungulia mlangoni, akaona vitanda, blanketi, akaita, hakuna aliyejibu. Akafunga.

Ningekuwa mimi ningefunga. Ndiyo maana hasira yangu haimpati yeye. Huzunguka tu inatafuta mahali pa kukaa.

Ilimkaribia sana mwalimu mkuu, ambaye siku ile alikuwa Kibondo mjini na alirudi jioni. Alisimama mbele ya yale majivu, akaona tundu la nyuma, na neno lake la kwanza likawa, "Ukuta huu umevunjwa na nani?" Mpishi akanitazama. Nilitaka kumjibu jambo ambalo mlezi hamjibu mwalimu mkuu. Lakini alikuwa hajaambiwa kuwa kulikuwa na mtoto. Alipoambiwa alivua kofia, akaingia ofisini, akafunga mlango. Alifunga kwa ndani, nilisikia komeo.

Kikao cha wazazi cha kujenga upya kiliitwa haraka, kabla ya mvua. Walikuja wengi, wanaume mbele kwenye madawati, sisi wanawake nyuma, mikekani. Nyasi zikagawanywa, nguzo zikagawanywa, nani atakata, nani atabeba. Bati halikutajwa. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna jingine, nikasimama. Nikasema naomba bweni jipya liwe na mlango wa pili upande wa nyuma, wenye komeo la ndani, ili siku ya moto watoto watoke.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akageuka. "Mlango wa pili wa nini, mama? Wa kutokea moto, au wa kuingilia wavulana?"

Wakacheka. Nikasema, "Baba, mvulana akiingia mtoto atatoka na mimba. Moto ukiingia mtoto hatatoka."

Kicheko kikakatika, lakini mzee hakuwa mpumbavu, akajibu kwa upole. "Mama mlezi, moto tumeuona mara moja. Wavulana tunawaona kila siku. Na mimba akiipata, huyo naye masomo yake yamekufa. Utaniambia nimwogope yupi?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Alikuwa na mabinti wawili pale.

Hapo akasimama baba mmoja mkimbizi. Alikuwa amevuka na familia yake kutoka Burundi miaka michache nyuma, akapewa shamba jirani na shule, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi, lakini alisikika. Akasema, "Mimi nataka kufuli mbili. Kwetu watu walikuja usiku, mlango ulikuwa wa mabua. Waliusukuma kwa mkono. Ungekuwa mlango wa mbao, wenye kufuli, ndugu zangu labda wangekuwa hai. Mtoto wangu akilala hapa, nataka mlango usiofunguka."

Nani angempinga mtu huyo? Nilikuwa nimeshaanza kukaa. Ila nyuma yangu mkewe, ambaye siku zote hukaa akisuka tu kikapu, akasema bila kusimama, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mumewe nyumbani, "Tulitokea nyuma."

"Nini?" akauliza mwenyekiti.

"Yeye anawaambia walivyoingia. Sisi tuliopona tulitokea nyuma ya ua. Kulikuwa na tundu, limezibwa kwa matawi. Mama mkwe alikuwa anapitishia mbuzi."

Mumewe akatazama chini. Na mimi nikakumbuka ua wa baba yangu Heru Juu, maana nasi Waha tulikuwa na tundu hilo hilo, mahali pa nyuma penye matawi yasiyofungwa, mgeni hapajui, watoto wote wa nyumbani wanapajua. Wazee wengi mle ndani walizaliwa kwenye ua wa namna hiyo. Niliziona sura zao zinapakumbuka. Nikafikiri, sasa watakubali.

Mwenyekiti akasema suala hili ni zito, litafikiriwa. Mwalimu mkuu akaandika. Kikao kikafungwa kwa sala. Mlango mmoja, kufuli kwa nje, miti ya madirishani kama zamani. Walichoongeza ni kwamba sasa watahesabiwa watoto badala ya majembe, na jambo hilo alilileta yule kijana wa pwani, nalo lilikuwa jema, nisilinyime sifa. Lakini nilitoka pale nimefura. Walipokuwa wanatafuta pa kupitishia mbuzi walipata. Kwa mabinti zao likawa suala la kufikiriwa.

"Usivimbe hivyo," mpishi akaniambia njiani. "Utapasuka, na mchi umeshavunjika."

Ujenzi kwetu una utaratibu wake. Wanaume huchimba mashimo, husimamisha nguzo, hufunga fito, huezeka. Kisha huondoka, abaki wa kutengeneza mlango tu, na udongo ni wa wanawake. Kukanyaga, kubeba, kukandika, kulainisha, mwanamume hagusi, na ukimwona amesimama karibu anatafuta uji. Siku ya kukandika tulikuwa wengi, tope limetufika magotini, nyimbo zinaendelea. Nilikuwa upande wa mbele nilipoitwa. Yule mama mkimbizi alikuwa amechutama kwenye kona ya mwisho ya nyuma, pale pale tulipopiga mchi, na mikono yake ilikuwa inafungua fito zilizofungwa na wanaume.

Akaniuliza, "Mtoto wako alikuwa analala hapa?"

"Ndiyo."

"Na wangu atalala hapa. Lete kamba za mgomba."

Katikati ya nguzo mbili alizikata fito kwa kisu, akazirudisha, akazifunga kwa kamba za mgomba na mafundo yanayovutwa kwa ndani. Wengine wakaja. Mke wa yule mzee mwenye ng'ombe wengi akasimama akatutazama, nikajua tumekwisha. Akasema, "Hapo msitie udongo wa kichuguu, utashika sana. Tieni wa mtoni, wenye mchanga." Akaenda akauleta mwenyewe, kichwani. Tukajaza nyasi, tukapaka tope jembamba, nje tukalainisha kwa chokaa mpaka ukuta wote ukawa rangi moja. Mwizi angepita na upembo wake asione kitu. Mtoto aliye ndani akivuta mafundo na kupiga teke, ukuta utamfungukia.

Kwa mikono nilifurahi. Rohoni nilikasirika kuliko siku ya moto, na ninataka kusema kwa nini, hata kama naonekana mtu asiyeridhika. Watoto kuwa na pa kutokea si wizi. Kwa nini tulikuwa tunanong'ona? Kwa nini mama aliyekwisha kuponea kwenye tundu alilazimika kuwafichia wenzake tundu, huku mumewe akipiga misumari mlangoni upande wa pili, tunamsikia? Kama lilikuwa jambo jema, lisemwe kikaoni. Kama lilikuwa baya, tusilifanye. Nimeligeuza hivi na hivi miaka yote hii. Inawezekana pia msichana fulani alipatumia kwa mambo mengine. Sikumkamata mtu, lakini siwezi kuapa.

Wasichana waliporudi kulala shuleni, mtoto wa kaka yangu ndiye aliyewaonyesha wenzake, jioni, akiwa amepona na mgongo una makovu. Alitaka kulala kona ile ile. Nilimkataza, akaniambia, "Shangazi, mimi ndiye ninayeijua njia." Nikamwacha.

Siku ya kukagua, mwalimu mkuu alizunguka bweni lote na ufunguo wake. Alitikisa miti ya madirisha, akapima mlango, akaridhika. Mimi nilimfuata nyuma. Alipofika kona ya mwisho aliegemea ukuta kwa kiganja, kama mtu anavyopumzika, kisha akagonga kwa kidole. Ukuta ukajibu kwa sauti nyepesi. Akagonga pembeni, ukajibu kwa sauti nzito. Akarudi pale pa kwanza.

Nilisubiri aniulize umejengwa na nani, kama alivyouliza umevunjwa na nani. Jibu nilikuwa nalo, na wakati ule ningempa lote, nifukuzwe siku hiyo hiyo.

Akafuta chokaa kwenye kidole chake. "Mama mlezi," akasema, "hapo msiweke kitanda."

Akaondoka. Kengele ya mwisho ilipolia nikamsikia anafunga kufuli.

Alipofungua alfajiri nilikiburuta kitanda kile cha kona, mimi na mtoto, tukakisogeza upande wa pili, tukapaacha wazi. Alikuwa amesema neno zuri, na sitamnyima. Lakini angelisema kikaoni, mbele ya wanaume wenzake, ningemheshimu mpaka kesho.